Upepo Haujui Kuwa Leo ni Jumamosi

Hotuba hii niliitoa Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mbele ya wenye mitumbwi, vijana wa boti na akina mama wafinyanzi. Baadhi ya watu wa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kando ya ziwa, walishindwa kuja kwa kuwa ziwa lilichafuka asubuhi ile. Wameomba waipate, na ninaiweka nzima kama nilivyoisema.

Wazee wangu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, mugonile!

Wanaonifahamu wananifahamu kwa vyungu. Nanunua hapa Lyulilo kwenye soko la Jumamosi, nauza Mbeya mjini, na mzigo ukizidi napakia unaenda Dar es Salaam. Ziwa hili mimi sikuja kuwafundisha. Nitamfundisha nani? Mama aliyezaliwa Ikombe, aliyebebwa mgongoni kwenye mtumbwi kabla hajajua kutembea? Mimi ziwa nalijua kwa macho ya mtu aliyesimama ufukweni anasubiri mzigo. Nimekuja kuwasimulia siku moja niliyosafiri kwa boti kwenye upepo mkali, ugenini, juu ya maji ambayo mtu mzima akisimama yanamfika kiunoni au kifuani. Na nina ombi. Ombi lenyewe linahusu hela, kwa hiyo naliweka mwisho ili mtu asinikimbie.

Mwanangu alipata nafasi ya kusoma Uingereza, kwenye mji unaoitwa Stoke-on-Trent. Nilipokwenda kumtembelea nilidhani nitaona magorofa tu. Ndugu zangu, ule ni mji wa wafinyanzi! Vikombe, sahani, birika, mabakuli, karne na karne. Bado yamesimama baadhi ya matanuri yao ya zamani ya matofali, mapana chini na membamba juu, marefu kupita nyumba. Sisi tunachoma vyungu vyetu uwanjani kwa kuni na majani, wao walichomea ndani ya minara. Lakini shida yao ya kwanza ilikuwa ipi? Ilikuwa hii hii yenu. Kufinyanga wanaweza, kuchoma wanaweza. Kufikisha sokoni bila kuvunjika, hapo ndipo kilio.

Miaka ya 1760 bidhaa zao zilibebwa kwa farasi na mikokoteni kwenye barabara za tope na mashimo. Udongo wao mweupe ulitoka Devon na Dorset, kusini-magharibi ya nchi, ukaja kwa meli, kisha ukabebwa nchi kavu mpaka kwao. Vikombe vikirudi njia ile ile, vingi vinafika vigae. Akatokea mfinyanzi mmoja, Josiah Wedgwood, mtu wa kufinyanga na mtu wa biashara. Hakusubiri aletewe barabara. Akaungana na wenzake, wakashinikiza bunge lipitishe sheria, na mwaka 1766 yeye mwenyewe akapiga jembe la kwanza la kuchimba mfereji wa boti. Tena ndiye aliyekuwa mtunza hazina wa kampuni ya mfereji huo. Ulikamilika mwaka 1777, kilomita 150 hivi, ukiunganisha mto Trent upande mmoja na njia ya kwenda bandari ya Liverpool upande wa pili. Kiwanda chake alikijenga ukingoni mwa mfereji, vyungu vitoke tanuri viingie botini.

Nataka mlishike hili, kwa sababu nitalirudia: mwenye vyungu ndiye aliyetoa hela ya njia. Hakumwachia mbeba mzigo.

Sasa kulikuwa na kilima katikati, kinaitwa Harecastle. Mhandisi wao, James Brindley, akaamua kukitoboa. Handaki la zaidi ya kilomita mbili na nusu, limechimbwa kwa mikono na baruti, na yeye mwenyewe alikufa mwaka 1772 kabla halijaisha. Lilikuwa jembamba kiasi kwamba farasi anayevuta boti hakuwa na pa kupita. Je, boti ilipitaje? Wanaume walilala chali juu ya boti, wakaweka miguu ukutani, wakatembea ukutani wakiwa wamelala, gizani, mpaka upande wa pili. Farasi aliongozwa juu ya kilima na mtoto, wakakutana mbele. Nawaambia hivi mjue kwamba kazi ya kusafirisha vyungu kwa maji haijawahi kuwa ya lelemama popote. Mwaka 1827 lilifunguliwa handaki la pili kando ya lile, na hilo ndilo linalotumika hadi leo. Maji ya pale ni ya rangi ya kutu, kwa sababu ya chuma kilichomo kwenye mwamba.

Mizigo imeisha siku hizi, imehamia kwenye malori. Wanaopita kwenye mifereji sasa ni watu wa matembezi na wengine wanaoishi humo humo botini. Mzee mmoja anayesali kanisa moja na mwanangu ana boti ya namna hiyo. Akasema, mama, Jumamosi twende mpaka ng'ambo ya handaki, kuna rafiki zangu wanatungoja kwa chakula cha mchana.

Niwaelezeni boti yenyewe, kwa maana bila kuiona hamtanielewa. Urefu wake ni mita 17 hivi, nyingine zinafika mita 21. Upana wake ni mita mbili na kidogo tu. Ndiyo! Mtu mrefu akinyoosha mikono anakaribia kugusa kuta zote mbili. Imetengenezwa kwa chuma, chini ni bapa kabisa, haina mkuku wa kuishika. Iliyozama majini ni nusu mita hivi, lakini juu ya maji kuna ukuta mrefu wenye madirisha na paa. Nahodha anasimama nyuma kabisa, tezini, ameshika mkono wa usukani. Akitaka kwenda kushoto anausukuma kulia. Na sheria inasema mwendo usizidi kilomita sita na nusu kwa saa. Yaani kijana mwenye haraka anatembea kandokando na kuipita.

Tukaondoka asubuhi kutoka Etruria, pale pale alipokuwa na kiwanda Wedgwood. Upepo ulikuwepo lakini majengo yalitukinga. Tukapita viwanda vya zamani, tukapita madaraja mafupi ya kuinamisha kichwa. Mimi nimekaa mbele, omoni, na blanketi, najiona bibi harusi. Sehemu hiyo haina mengi ya kusimulia.

Kisha majengo yakaisha. Kuna mahali panaitwa Westport, kuna ziwa dogo pembeni ya mfereji na uwanja wa wazi. Upepo ukatoka kule ukatupiga ubavuni. Ndugu zangu, chuma chote kile, tani nyingi, kikasukumwa kama si kitu. Omo likaanza kuelekea ukingo wa pili bila ruhusa ya mtu.

Nikamtazama mzee. Kitu cha kwanza alichofanya kilinishangaza: aliongeza moto wa injini. Mimi ningepunguza. Wewe ungefanya nini? Lakini alinieleza baadaye, na vijana wa boti mnalijua hili: usukani unafanya kazi pale tu maji yanapoupita kwa kasi. Ukipunguza mwendo sana kwenye upepo wa ubavuni, usukani unakuwa kijiti cha kushikilia tu, na upepo unachukua unahodha. Ukiongeza sana, unatengeneza mawimbi, unabomoa kingo, unazigonga boti zilizofungwa kando. Kati ya hizo mbili kuna mwendo mmoja unaofaa, na kila kishindo cha upepo kinaubadilisha.

Kitu cha pili, hakuelekeza omo anakotaka kwenda. Alilielekeza unakotoka upepo, kidogo, na boti ikawa inakwenda mbele huku imekaa upande, kama kaa wa mchangani. Alikuwa ameisogeza mapema kwenye ukingo wa upande ule ule wa upepo, ili ikisukumwa iwe na nafasi ya kusukumwa. Mapema! Kabla hatujatoka kwenye kinga ya majengo. Nilipokuwa najifunika blanketi, yeye alikuwa ameshaona miti ya mbele inavyoinama.

Tukaenda hivyo. Kikaja kishindo kingine, kikubwa zaidi, na tukabandikwa ukingoni. Nikangoja kelele, matusi, injini kuunguruma. Hakuna. Alizima, akachukua kamba, mke wake akaruka na nyundo na vigingi viwili vya chuma, wakavigongelea ardhini, mbele na nyuma, wakafunga. Boti ikatulia. Yule mke wake akaingia kupika chai.

Nikasema, jamani, kishindo kitapita, si tulisukume omo kwa upondo tuendelee? Maana upondo wanao, mrefu, uko juu ya paa. Yule mzee akanipeleka ndani, akanionyesha kikaratasi kimebandikwa nyuma ya mlango. Kimeandikwa namba moja: 50. Kilomita 50 kwa saa. Akasema, vishindo vya upepo vikifika hapo, boti hii haitembei. Namba hii niliiandika nyumbani, nimekaa, nimeshiba, hakuna anayenisubiri. Leo nasubiriwa na marafiki na nyama iko mezani. Leo sina akili ya kuandika namba. Naisoma tu.

Wazee wangu, nilikaa na maneno hayo siku nzima. Alipiga simu, akasema, hatuji, kuleni. Simu ile haikuchukua hata dakika moja. Upepo ulilegea jioni, na saa za kupita handakini zilikuwa zimeshafungwa, kwa kuwa lile handaki lina walinzi na lina ratiba yake. Tukalala pale pale. Handaki lenyewe sikuliona.

Na yale ni maji ya kiunoni. Mtu akianguka anasimama, analaani, anatoka na matope. Kule kuna Jumamosi inayoweza kuahirishwa kwa sababu ya upepo juu ya maji ya kiunoni. Sisi je?

Sisi tuna ziwa la urefu wa kilomita zaidi ya 550 na kina kinachofika mita 700. Na tumekaa wapi kwenye ziwa hilo? Kaskazini kabisa, kwenye ncha. Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo unavuma kutoka kusini, ule ambao wenzetu wa Malawi wanauita Mwera, na unayakuta maji yote yale yako wazi mbele yake. Wimbi lililoanzishwa mbali huko linakuja linakua, linakuja linakua, na mwisho wa safari yake ni hapa, mlangoni kwenu. Mashariki kwenu kuna Milima ya Livingstone imeshuka wima mpaka majini. Kutoka Ikombe kuja huku, ni mahali pangapi mtumbwi unaweza kukimbilia ukapata mchanga? Mnapahesabu kwa vidole. Kwingine ni mwamba.

Asiseme mtu kwamba hiyo ni shida ya mitumbwi, kwamba tukipata meli kubwa imekwisha. Ninaishukuru sana Mbeya II, na meli za mizigo pale bandarini Kyela ni fahari yetu. Lakini wazee wanaikumbuka Vipya. Ilikuwa meli mpya, ya abiria, upande wa pili wa ziwa, wakati Malawi inaitwa Nyasaland. Ilizama kwenye dhoruba Julai 1946, ikiwa haijamaliza hata miezi michache ya kazi, na watu zaidi ya 100 wakafa. Julai. Mwezi gani huo kwenu? Ni ule ule wa upepo wa kusini. Ukubwa wa chombo unasogeza kikomo mbele. Kikomo chenyewe bado kipo, kinakungoja.

Akina mama wa vyungu, sasa nakuja kwenu, na mtanisamehe.

Chungu ni kikubwa kuliko uzito wake. Ndani ni hewa. Kwa hiyo mtumbwi ukijaa vyungu, haujazama sana; unaona bado uko juu, unasema ongeza safu moja. Unaongeza. Unaona bado uko juu, unaongeza nyingine. Mwisho mna ukuta wa vyungu umepita vichwa vya wapiga kasia. Je, mnakumbuka ile boti ya mzee? Chini nusu mita, juu ukuta. Mmeijenga ile ile, tofauti ni kwamba yenu haina chuma wala injini, na iko juu ya maji yasiyo na chini. Upepo haupimi kilo za mzigo. Unapima upana wa ukuta uliousimamisha mbele yake. Safu ya juu kabisa, ile inayoonekana ni ya bure kwa kuwa haizamishi mtumbwi, ndiyo inayowapindua.

Nimesikia mtu huko kacheka. Cheka, baba, lakini niambie kama nimekosea.

Na aliyekaa juu ya mzigo akisimama kumpungia mtu ufukweni, hapo sina la kusema. Jaketi la kujiokolea linagharimu hela, najua, na wengine mnalikalia badala ya kulivaa, hilo pia najua. Watu wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, wanakagua vyombo na wataendelea kukagua, lakini mkaguzi hayupo pale wimbi linapoingia.

Mtaniuliza, hiyo namba ya kuandika nyuma ya mlango sisi tutaitoa wapi? Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa ziwa letu, upepo na mawimbi, unafika redioni na kwenye simu. Tusiupuuze. Ila utabiri unaangalia eneo kubwa, na ukingo huu wa milima una tabia zake. Upepo unaoshuka korongoni hautajwi redioni. Kwa hiyo kikomo cha mtu wa Ikombe si lazima kiwe namba. Kinaweza kuwa alama: wimbi likianza kuvunjika kwenye jiwe fulani, hatutoki. Mlima fulani ukivaa wingu la namna fulani, tunasubiri. Alama hizo mnazo, mmerithi kwa babu zenu. Tatizo ni kwamba mnazisoma siku ya soko, gari limeshawasha injini Lyulilo, simu inaita. Nawaomba mzikubali sasa, mkiwa mmekaa kwenye viti, mzitamke mbele ya wenzenu, ili siku hiyo mtu asibishane na nahodha wake. Awe anasoma tu.

Lakini nani anapiga ile simu?

Hapa ndipo lilipo ombi langu la hela, na ombi hili si kwenu, ni kwetu wanunuzi. Upepo haujui kuwa leo ni Jumamosi. Aliyemwambia nahodha kuwa leo ni Jumamosi ni mnunuzi. Anasema, gari linaondoka saa nane, mzigo ukichelewa nachukua wa mwingine. Anasema, mzigo wa Jumapili bei nusu. Mama amefinyanga wiki nzima, amebeba kuni kutoka mlimani, amechoma; ukimwambia bei nusu, umemsukuma ziwani kwa mikono yako. Halafu ikitokea ajali tunasema, hawa watu wa ziwa hawana subira!

Wedgwood alikuwa mfanyabiashara mwenye hesabu kali, hakuwa mtakatifu. Alilipia njia kwa sababu alipiga hesabu akaona kigae hakiuziki. Nami nimepiga hesabu yangu. Gari kulala siku moja Lyulilo ni gharama, ndiyo: dereva, chakula, kulala. Vyungu vya mtumbwi mzima vikienda chini ni gharama kubwa zaidi, na sijataja watu, maana watu hawaingii kwenye hesabu hiyo hata kidogo.

Kwa hiyo tumekaa, mimi na baadhi ya wanunuzi wenzangu wa Mbeya na Tukuyu, tukakubaliana hivi. Mzigo uliocheleweshwa na upepo tutaununua kwa bei ile ile ya Jumamosi, mpaka Jumatatu jioni. Gari likilala, gharama ya kulala ni yetu, tunagawana. Nahodha akisema hatoki, hatumpigii simu ya pili. Ya pili ndiyo mbaya! Ya kwanza ni ya kuuliza, ya pili ni ya kusukuma.

Wote hawajakubali. Kuna wanunuzi wakubwa waliotucheka, wakasema tunaharibu soko. Sawa. Ninachowaomba akina mama ni kimoja: mwenye kuwavumilia siku ya upepo, mpeni vyungu vizuri siku ya utulivu. Msitubakizie vyenye nyufa, maana na hilo nalijua.

Liko jambo la vigingi. Yule mzee alifunga boti popote kwa sababu ukingo wote ulikuwa wake kufungia. Ninyi mna vile vimchanga vichache kati ya miamba. Vijana wa boti mmesema mko tayari kwenda siku ya utulivu kuvisafisha, kuondoa mawe, na kusimika nguzo imara za kufungia kamba, na mwenyekiti wa kijiji amesema hana pingamizi. Kamba na saruji tutachangia sisi. Nguvu ni zenu. Tuanze na pale ambapo wazee watasema pana hatari zaidi. Mimi sitachagua, siishi huko.

Daftari liko kwa katibu, pale mlangoni. Ukurasa wa kushoto wanunuzi tumeshaandika majina na namba zetu, na bei tuliyoahidi. Wa kulia ni wenu: jina la mwenye chombo, na alama moja ambayo akiiona hatoki. Asiyejua kuandika amtajie katibu. Ndaga fijo, asanteni sana. Sasa maswali, na naona mama wa kitenge cha kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja nyufa, kwa hiyo aanze yeye.